Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo kwa dua.
Wote waliitikia amina, nikaandika: akidi imetimia.
Umoja wetu uliishia hapo.

Mimi ni karani. Miaka kumi na tisa
nimekaa kwenye meza ndogo ya pembeni, Urambo,
ukumbi umepakana na ghala la tumbaku,
hata karatasi zangu zinanuka majani makavu
na mke wangu anadhani nimeanza kuvuta.

Wanaotawala hukaa upande wa dirisha.
Wanaopinga, upande wa mlango.
Daftarini nawaita hivyo hivyo, maana mashati
hubadilika rangi; dirisha halijawahi kuhama.

Hoja: ushuru wa tumbaku wa msimu uliopita
umalizie zahanati ya Isongwa, au ununue gari la halmashauri?

Diwani Kashindye akasimama, akafunga kifungo cha koti:
"Gari ni maendeleo. Anayelipinga hana uchungu na nchi."
Makofi, dirishani.
Bi Nyamizi hakungoja kuitwa:
"Gari linazalisha, Mwenyekiti? Gari linakata kitovu?"
Vicheko, mlangoni.
Taarifa. Utaratibu. Taarifa juu ya taarifa.
Mmoja akamwita mwenzake kibaraka,
mwenzake akamwita chawa,
Mwenyekiti akagonga meza
mpaka chai ikamwagikia ajenda namba tano.
Nikaandika: Wajumbe walichangia kwa hisia.

Sasa sikilizeni, kwa kuwa haya hayatasomwa kikao kijacho.
Kabatini lipo faili la miaka minane nyuma,
mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu, mchwa wameonja pembe.
Siku hizo Kashindye alikuwa wa mlangoni.
Alisimama, akafungua kifungo cha koti, akasema:
"Gari linazalisha, Mwenyekiti?"
Neno kwa neno. Na kitovu kilikuwemo.
Nyamizi siku ile hakusema kitu;
sahihi yake ipo kwenye posho,
kwenye kura haipo.

Ningeweza kulitoa lile faili.
Kufuli ni langu, ufunguo ninao shingoni.
Lakini karani anayesoma ya zamani kwa sauti
huhamishiwa mahali pasipo na kabati.

Saa mbili usiku tulikuwa tungali palepale.
Umeme ukakatika.
Kwa muda waliendelea kutukanana gizani,
kisha matusi yakapungua, moja moja,
kama mtu anayemtukana asiyemwona
anaishiwa na sababu.

Sauti ikasema, taratibu, bila "Mheshimiwa":
"Dada yangu alijifungulia juu ya marobota,
kwenye mkokoteni, njia ya Isongwa.
Ng'ombe walisimama wenyewe.
Mtoto tulimzika ananuka tumbaku."

Hakuna aliyeomba utaratibu.
Nilisikia kiti kikilia, na mtu akipenga kamasi,
na mbu, na mlinzi wa ghala nje akikohoa.
Sauti za watu wale nazijua zote, miaka kumi na tisa,
najua nani humeza mate kabla ya kudanganya.
Ile naijua pia.
Ilitoka upande ambao hamdhani.

Jenereta likanguruma. Taa zikawaka.
Kila upande ukautazama wa pili
kumtafuta mwenye msiba,
na mwenye msiba akawa naye anatafuta,
amefunga kifungo cha koti.

Kura zikapigwa. Gari likapita kwa kura mbili.
Posho zikasainiwa; na yangu, msinisahau,
elfu kumi na tano na soda.

Nimechapa muhtasari safi, nakala arobaini.
Wajumbe walijadili kwa kina na kuafikiana.
Chini ya Mengineyo nimeacha mstari mmoja mtupu.
Mwenyekiti akaukodolea macho, akauliza, hapa vipi?
Nikamwambia: umeme.